Chensoo ya kukatia kuni nyumbani: ndogo yenye makali au kubwa ya cc 60?

Swali la msomaji: "Fundi, habari za kazi. Nyumbani tunatumia kuni mwaka mzima. Magogo huletwa uani yakiwa na urefu wa mita mbili hivi. Mengi yana unene wa sentimita 15 hadi 30, mara moja moja huja la 40. Kwa mwaka tunamaliza kama mita nane za ujazo. Mpaka sasa nimekuwa nikimkodi mtu, lakini nataka kununua chensoo yangu, na binti yangu mkubwa naye angependa kujifunza. Umeme upo. Muuzaji ananishauri nichukue ya petroli ya cc 60 yenye upanga wa sentimita 50 ili nisije nikajuta. Shemeji yangu anasema ya betri inatosha. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, kwa kazi uliyoieleza, msikilize shemeji yako. Chukua chensoo ya betri ya volti 36, upanga (lile bamba refu la chuma ambalo cheni inazunguka kando yake) wa sentimita 35, na ununue betri mbili, si moja. Ungekuwa unashinda shambani kutwa nzima mbali na umeme, ningekwambia uchukue ya petroli ya cc 40 hadi 45 yenye upanga wa sentimita 35 au 40. Ile ya cc 60 iache palepale dukani. Ni mashine nzuri kwa mtu wa kuangusha miti mikubwa msituni, ila kwako itakuwa mzigo, na kwa mtu anayeanza inaongeza hatari.

Nieleze kwa nini, maana neno "inatosha" halimsaidii mtu asiyejua inatosha kwa kazi gani.

Wengi huanza na mashine. Wewe anza na kazi yenyewe. Gogo la mita mbili lenye unene wa sentimita 20 lina ujazo wa mita 0.063 hivi. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ya mti mtupu, bila kuhesabu nafasi za hewa, ni magogo kama 16. Ukitaka vipande vya sentimita 33 hivi, kila gogo unalikata mara tano, yaani mikato 80 kwa mita moja ya ujazo. Mita nane ni mikato 640. Kama hizo nane zako umezipima kwenye rundo lililopangwa, punguza karibu theluthi, kwa sababu sehemu ya rundo ni hewa tu. Sasa chukulia kila mkato unakula sekunde 10. Jumla ni sekunde 6,400, chini ya saa mbili za cheni kuwa ndani ya mti kwa mwaka mzima.

Muda mwingine wote utakuwa unainua gogo, unaliweka sawa, unasogeza vipande, unapanga rundo, unarudi kuiokota mashine. Hapo ndipo nguvu zako zinakoishia. Hata ukinunua injini yenye nguvu mara mbili, utakachookoa ni dakika chache katika mwaka. Ila uzito wa ziada utaubeba kila unapoinama na kuinuka. Chensoo ya cc 60 ikiwa na upanga mrefu, cheni, petroli na oili hufika kati ya kilo 7 na 8. Nyingi za betri za daraja ninalokushauri zina kilo 4.5 hadi 6 zikiwa kamili. Mtu aliyechoka hukosea, na makosa ya chensoo huishia kwenye mguu au usoni.

Kuhusu upanga: chukua unene wa magogo unayoyakata mara nyingi, ongeza sentimita tano, basi. Kwako ni 30 na tano, jumla 35. Lile gogo la 40 linalokuja mara moja moja utalikata upande mmoja, utalibiringisha, kisha utamalizia upande wa pili. Ukinunua upanga wa 50 kwa ajili ya gogo moja kati ya hamsini, magogo mengine yote utayakata huku ncha imechomoza kwa mbele mahali usipopaona vizuri. Ncha hiyo itagusa ardhi, au itagonga gogo la nyuma. Ardhi huua makali ya cheni kwa kuguswa mara moja tu. Kugonga gogo la nyuma ni hatari nitakayoieleza baadaye. Tena upanga mrefu una meno mengi zaidi ya kunoa. Pima pia kwa rula ukiwa dukani, kuanzia mwili wa mashine hadi ncha, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye boksi si lazima iwe urefu unaokata kweli.

Sasa nguvu itoke wapi: waya, betri au petroli?

Ya waya watu huidharau bila sababu. Zenye wati 1,800 hadi 2,400 zinakata gogo la sentimita 30 bila shida, haziishiwi chaji na hazina kabureta (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) ya kuziba. Kama magogo yote yanakatwa mahali pamoja karibu na nyumba, ni chaguo la heshima kabisa. Tatizo ni waya wenyewe. Utaukanyaga, utaufunika kwa vipande, na siku moja utaukaribia kwa cheni. Ukichagua njia hii, tumia waya wa kurefushia unaofaa nje. Kwenye umeme wa volti 230, waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha hadi mita 25 hivi, zaidi ya hapo chukua wa 2.5. Waya mwembamba hupunguza volti, na mota inapata joto hadi inaungua. Saketi iwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Mvua ikinyesha, kazi imekwisha.

Petroli bado ndiyo mfalme wa kazi ndefu mbali na nyumba. Unajaza tangi, unaendelea. Lakini fikiria mtu anayekata saa chache tu, kisha mashine inakaa wiki nyingi. Injini hizi ni za mipigo miwili. Oili yake haina mahali pake pa kukaa, inachanganywa na petroli. Nyingi za sasa hutaka uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, au mililita 100 kwa lita tano. Baadhi hutaka 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa lita. Fuata kitabu cha mashine yako, na oili iwe ile maalumu ya injini za mipigo miwili, si ya gari. Ukisahau oili, pistoni hukwama, na aghalabu injini hiyo haifai tena.

Kibaya zaidi, mchanganyiko huo huzeeka. Changanya kiasi cha kutumia ndani ya mwezi mmoja hivi. Petroli iliyotiwa ethanoli hunyonya unyevu wa hewani, na ikikaa muda mrefu inaharibu mipira na vile viwambo vyembamba vya ndani ya kabureta. Mtu akija na chensoo isiyowaka huku akiapa kwamba "ilikuwa inafanya kazi vizuri mara ya mwisho", jambo la kwanza ninaloangalia ni petroli iliyosahauliwa ndani. Kwa mtumiaji wa nyumbani hili ndilo linaloamua. Mashine inayopumzika kuliko kufanya kazi inapaswa kuwa mashine inayovumilia kupumzika. Ukichagua petroli hata hivyo, kabla ya kuihifadhi mwaga iliyobaki kwenye tangi, kisha iwashe mpaka ijizime yenyewe.

Petroli pia ina kelele zinazozidi desibeli 100 sikioni mwa mkataji, pamoja na mtikisiko. Mtikisiko si kero tu. Kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya vidole hadi vinakuwa vyeupe na kufa ganzi. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mwaka 2002 uliweka kikomo cha mtikisiko wa mikono kwa wafanyakazi, mita 5 kwa sekunde ya mraba kwa siku ya kazi ya saa nane. Saa zako chache kwa mwaka hazitakufikisha huko, lakini ukilinganisha mashine mbili, angalia namba ya mtikisiko kwenye kitabu. Iliyo ndogo ndiyo bora.

Betri nayo ina ujanja wake wa matangazo, na hapa nataka usome polepole. Kwanza volti. Seli kumi zilizounganishwa mfululizo hutoa volti 36 za kawaida, na zikiwa zimejaa hufika 40 na kidogo. Ndiyo maana betri yenye nguvu ileile mmoja huiandika 36 na mwingine 40. Usibabaike. Namba ya maana ni wati-saa, yaani kiasi cha nishati kilichomo kwenye betri, unayoipata kwa kuzidisha volti za kawaida na ampia-saa. Volti 36 mara ampia-saa 5 ni wati-saa 180. Chini ya hapo utakuwa unakimbilia chaja kila wakati.

Pili, idadi ya mikato. Boksi litaandika, kwa mfano, "mikato 120 kwa chaji moja". Tafuta maandishi madogo chini yake. Mara nyingi utakuta ni mikato ya ubao wa sentimita 10 kwa 10, yaani sentimita 100 za mraba. Gogo lako la sentimita 25 lina sentimita za mraba 490 kwenye uso wa mkato, karibu mara tano. La sentimita 30 ni mara saba. Kwa hiyo ile 120 inakuwa 24 kwa magogo ya 25, na 17 kwa magogo ya 30. Mti ukiwa mgumu na mkavu, punguza tena. Ndiyo maana nimesema betri mbili. Moja ikiwa kwenye chaja unatumia nyingine, na wakati zote zimeisha unapasua na kupanga ulichokata. Mwendo huo unamfaa mtu wa nyumbani, kwa sababu kazi ya kupasua na kupanga ipo tu.

Angalia pia muda wa chaja. Chaja inayouzwa pamoja na mashine mara nyingi ni ile ya polepole. Ya haraka huuzwa peke yake, na kwako ina faida kuliko betri ya tatu. Mashine ikipumzika kwa muda mrefu, betri itolewe na ihifadhiwe ikiwa na chaji ya nusu hivi, mahali pa baridi na pakavu.

Nimefika kwenye cheni, na hapa ningependa nikae kidogo, kwa sababu cheni ndiyo inayokata. Injini inaizungusha tu. Chensoo ndogo yenye cheni kali huishinda kubwa yenye cheni butu kila siku.

Zamani meno ya cheni yalifanana na ya msumeno wa mkono, yakikwaruza mti na kuhitaji kunolewa kila mara. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon, Marekani, Joseph Buford Cox, alikuwa akipasua kuni alipomwona buu wa mbawakavu akitafuna kisiki. Aligundua kwamba taya za buu hula mti kushoto na kulia kwa zamu, na hazijali nyuzi za mti zimeelekea wapi. Akatengeneza cheni yenye meno ya kushoto na ya kulia yanayofuatana, na mwaka 1947 akaanzisha kampuni ya kuiuza. Cheni utakayonunua wewe imejengwa kwa wazo hilohilo. Nalipenda sana tukio hilo, kwa sababu lilitokea kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi yako hasa.

Litazame jino moja kwa karibu. Lina sehemu mbili: kisu chenyewe nyuma, na mbele yake kidole kifupi cha chuma. Kidole hicho kiko chini kidogo ya kisu, kawaida kama milimita 0.65, na ndicho kinachoamua kisu kiingie kwenye mti kwa kina gani. Kona ya kisu huja kwa namna mbili. Kuna yenye pembe kali, inayokata kasi sana kwenye mti safi na mbichi, na kuna yenye kona iliyoviringwa kidogo. Kwa kuni chukua iliyoviringwa. Magogo yanayoletwa uani yameburutwa, yana udongo kwenye maganda, na mengine yamekauka. Kona kali huisha upesi kwenye uchafu, ya mviringo huvumilia.

Kwa mashine ya daraja lako cheni itakuwa ile ya meno mafupi, ambayo kwenye upanga huandikwa 3/8 P au 3/8 LP, na unene wa vipande vyake vya chini, vinavyopita kwenye mfereji wa upanga, ni milimita 1.1 au 1.3. Andika namba tatu: hiyo 3/8, huo unene, na idadi ya vipande vya chini. Ukienda kununua cheni ya pili, na ninakushauri uinunue siku hiyohiyo, usiseme tu "ya sentimita 35". Upanga wa 35 wa kampuni moja huchukua vipande 50, wa nyingine 52, na cheni ya moja haiingii kwenye nyingine.

Nunua pia tupa ya mviringo ya milimita 4.0, ndiyo ya cheni hiyo ya meno mafupi. Chukua na kile kishikizo kinachoonyesha pembe. Kunoa si kazi ya kupeleka kwa fundi kila mara. Toa betri, weka breki, banaisha upanga usicheze. Weka alama kwenye jino la kwanza kwa kalamu ya wino mzito. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, mara mbili au tatu, kisha iinue unapoirudisha. Usikwangue kurudi nyuma. Maliza meno yote ya upande mmoja, halafu geuka ufanye ya upande wa pili, kila jino idadi ileile ya misukumo. Utajuaje limekolea? Elekeza ukingo wa jino kwenye mwanga. Ukingo butu huonyesha mstari mwembamba mweupe, kwa sababu umekuwa bapa na unaakisi nuru. Ukingo mkali hauonyeshi chochote. Mstari ukipotea, acha.

Wakati wa kukata, tazama kinachotoka. Maranda manene yanayoruka vizuri ni dalili njema. Ukiona unga, au ukijikuta unaikandamiza mashine ili iingie, simama unoe. Mkato ukipinda kila mara upande uleule, basi meno ya upande mmoja ni mafupi au butu kuliko ya mwingine.

Oili ya cheni ni jambo fupi, lakini usilipuuze. Hata ya betri na ya waya zina tangi la oili ya kulainisha cheni. Nunua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari ina chembe za chuma zinazokula pampu na upanga, na ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Cheni huirusha hewani, nawe unaivuta na kuipata kwenye ngozi. Kuona kama oili inafika, elekeza ncha ya upanga kwenye kipande cheupe cha ubao bila kukigusa, kisha zungusha cheni. Mstari wa matone lazima utokee.

Sasa hatari niliyoiahidi. Robo ya juu ya ncha ya upanga ikigusa kitu wakati cheni inazunguka, meno hujikita, na nguvu yote inageuka kuutupa upanga juu na nyuma, kuelekea uso wako. Tunasema chensoo imepiga teke. Inatokea kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla hujafahamu kilichotokea, kwa hiyo huwezi kuutegemea wepesi wako. Unategemea vitu vitatu: breki ya cheni, kidole gumba cha mkono wa kushoto kilichozunguka chini ya kishikio cha mbele, na mwili wako kusimama kushoto kidogo mwa mstari wa cheni. Na kamwe usikate juu ya mabega.

Kwa hiyo dukani, kabla hujauliza nguvu, jaribu breki. Ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto isukume mbele. Inapaswa kubofya wazi na cheni isimame kabisa. Angalia kama kuna kitufe cha kufungia kwenye kichochezi (kile unachobonyeza ili cheni izunguke), ili kisibonyezeke kwa bahati mbaya, na kama chini, karibu na mahali cheni inapoingia, kuna pini ya kuikamata ikikatika. Mashine isiyo na kimojawapo usiichukue, hata ikiwa nafuu namna gani. Uliza pia kama vipuri vyake vinapatikana: upanga, cheni, gia inayoizungusha cheni. Kuna chensoo za kuiga zenye rangi za kampuni zinazojulikana, lakini ukitafuta namba ya mashine kwenye mwili huioni, na muuzaji hana hata kitabu. Ziepuke.

Suruali ya kinga ni sehemu ya ununuzi, si nyongeza. Ndani yake kuna tabaka za nyuzi ndefu. Cheni ikikata kitambaa cha nje, nyuzi huvutwa hadi kwenye gia na kuikwamisha. Suruali hizi zimepangwa kwa madaraja kulingana na mwendo wa cheni: daraja la 1 limejaribiwa kwa mita 20 kwa sekunde, la 2 kwa 24, la 3 kwa 28. Linganisha na mwendo ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine yako. Ila jambo moja wauzaji wengi hawalisemi: mota ya umeme huvuta kwa nguvu hata ikizuiwa, kwa hiyo nyuzi zinaweza zisiisimamishe haraka kama injini ya petroli. Vaa suruali, lakini usiihesabu kuwa ruhusa ya kuzembea. Ongeza viatu vigumu vinavyopita kifundo, miwani au kinga ya uso, na viziba masikio, hata kwa ya betri.

Hiyo ya betri ina mtego wake: ikiwa imetulia haina sauti, hivyo mtu husahau kwamba iko hai. Fanyeni iwe desturi, wewe na binti yako, betri itoke kabla ya mkono wowote kugusa cheni.

Kuhusu binti, nafurahi kwamba anataka kujifunza. Kama bado hajafikisha miaka 18, asubiri. Kama ni mtu mzima, nenda naye dukani. Aishike mashine kwa mikono yote miwili usawa wa kiuno kwa dakika mbili tatu, ikiwa na betri ndani. Kidole chake kifike kwenye kichochezi bila kulegeza kiganja. Mabega yakianza kupanda au mgongo kupinda, ni nzito kwake, na bila shaka ni nzito kuliko inavyohitajika hata kwako. Aanze na magogo membamba yaliyokwisha kuwekwa sawa, nawe ukiwepo.

Na kuyaweka sawa kunataka kifaa ambacho hakuna muuzaji atakayekutajia: kijukwaa cha mbao chenye miguu ya X, kimo cha kati ya goti na kiuno. Laza gogo lako la mita mbili juu yake, ukate upande uliochomoza nje. Kipande kinapoanza kuning'inia, mkato unafunguka wenyewe na kinaanguka. Ukikata katikati ya nguzo mbili, gogo hujikunja kwa chini, sehemu ya juu inabanwa, na upanga unakwama. Ikibidi kukata hapo, shuka theluthi moja kutoka juu, kisha malizia kutoka chini ukipandisha. Ukikwama, zima mashine, toa betri, fungua mkato kwa kabari ya mbao au ya plastiki. Usiivute kwa nguvu.

Cheni mpya hurefuka saa za mwanzo, hivyo ikaze mara kwa mara. Iwe imegusa upanga kwa chini lakini unaweza kuivuta kwa mkono uliovaa glavu. Ukimaliza kazi ilegeze kidogo, kwa sababu ikipoa husinyaa.

Gogo lolote linalozidi sentimita 60 na mti wowote uliosimama, endelea kumwita yule uliyekuwa ukimkodi. Kuangusha mti ni kazi nyingine kabisa, na chensoo ya kuni haikufundishi.